Yaliyookolewa Yamewekwa Wapi?

Jumamosi hiyo nilimfukuza muuza maji mlangoni kwetu Kibokoni, tena nikicheka. Mamangu alikuwa jikoni na sufuria la ngano iliyolowekwa usiku kucha, ya kuwapikia watu wa mtaa wa Kuze bokoboko, ngano ipondwayo na nyama, la akika ya mtoto wao mchana ule. Pipa lilikuwa limebakisha maji ya kuoshea vikombe tu. Mfereji ulikuwa na wiki mbili haujakohoa hata upepo. Yote hayo nilikuwa nayajua.

Kilichonitia wazimu ni somo la Ijumaa. Mwalimu wa jiografia alitueleza kwamba ngano hunywa maji mengi mpaka ikomae. Kwa hiyo meli ikishusha ngano bandarini, imeshusha pia maji ya huko ilikolimwa, ila hayaonekani kwa macho. Nchi inayonunua huwa imeokoa maji yake. Akaliandika "imeokoa" ubaoni, akalipigia mstari.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hayo yaliyookolewa yamewekwa wapi? Mimi leo nimeoga kopo moja."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema yanatumiwa kwa mazao yenye faida zaidi, kama maua na parachichi za kuuza nje.

"Kumbe! Ya wenzetu yaja kwa meli, yetu yapanda ndege, na sisi tuko hapa katikati twanuka kikwapa."

Nikatolewa nje, nikasimama juani mpaka kengele. Kosa langu sikuliona, na mpaka leo silioni. Nimezaliwa kando ya bandari. Tangu utotoni naona nafaka ikipita, na tangu utotoni nabeba mitungi. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo mawili yana udugu, na siku nilipoambiwa, nikaambiwa kama habari njema!

Nililala na hasira, nikaamka nayo. Asubuhi mkokoteni ukasimama mlangoni.

"Bwana mdogo, mingapi leo?" muuza maji akauliza.

"Hatutaki, ami. Tuna ngano ndani, na maji yote yamo humo. Muulize mwalimu wangu."

Akanitazama, jasho lamtiririka. "Yamo humo?"

"Wallahi."

"Basi kayakamue." Akasukuma mkokoteni wake, akaenda zake. Nikacheka mpaka nikaketi barazani.

Mama akatoka, mikono imejaa punje za ngano. "Nimesikia mkokoteni. Maji yako wapi?"

Nikamweleza mzaha wangu. Ulikuwa mtamu mpaka nilipoutamka mbele yake. Nikakimbia vichochoro vyote. Mkokoteni nikaukuta, mitungi imeshanunuliwa yote. Nikarudi, nikamwambia mama niende nikateke kisima cha msikitini.

"Kile cha chumvi? Niwapikie watu bahari?"

Nikachukua mitungi miwili, nikaenda mpaka bomba la Makupa. Foleni ya bombani haikuwa na mwisho. Malori ya ngano yalikuwa yakitoka bandarini moja baada ya jingine, yakidondosha punje barabarani, na akina mama wanazifagia kwa mifagio ya chelewa. Nikawaza kule ilikolimwa: huenda kuna kisima kimekauka, na mtoto wa huko naye ametolewa nje ya darasa. Kila lori lilipopita nililitukana. Madereva wakanipigia honi, wakidhani nawapungia.

Niliporudi Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Joto lilikuwa limeifanyia ngano kazi yake: ilikuwa inatoa povu, inanuka uchachu. Bibi mmoja wa Kuze alikuwa sebuleni na sinia zake tupu.

"Hapana neno, mwanangu," akamwambia mama. "Tutatafuta biriani. Ila wageni tuliwaambia bokoboko."

Miaka yote wale watu hawakupikiwa bokoboko na mwengine ila mamangu. Alimsindikiza bibi mpaka mlangoni, akimtaka radhi kila hatua. Mimi nikatua mitungi, nikaanza kumweleza tena habari za meli, maua na ndege, maana hasira yangu ilikuwa ya haki na nilitaka aijue. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Hao walioyapeleka maji yetu kwa ndege siwajui, wala hawanijui. Aliyeyafukuza mlangoni kwangu leo nimemzaa mimi."