Safari ya Wilkister Kwenda Gede

Kwii, kwii, kwii. Hivyo ndivyo zilivyolia nati za keria Katoo alipozikaza juu ya paa la gari lao la Probox, na Wilkister hakumbuki wimbo uliowahi kumwingia mwilini kama mlio ule. Alisimama kwenye vumbi la gereji pale Kitengela, mikono kiunoni, akitabasamu peke yake kama mtu anayenusa pilau ya jirani na anajua amealikwa.

"Mama, hii keria inaweza beba nyumba," Katoo alimwambia kutoka juu, spana mkononi. "Unaenda Mombasa ama unahama?"

"Naenda Mombasa, Malindi, mpaka Lamu. Wiki tatu nzima. Wewe kaza tu."

Odero, mumewe, ndiye aliyetaka keria pana namna ile. Alikuwa kando, amezama kwenye simu yake. Hakucheka.

Wilkister ni dereva wa basi la shule. Alianza kazi hiyo Melvin, kifungua mimba wake, akiwa bado anajifunza kusoma, na sasa Melvin yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Watoto humwita Anti. Anawajua kwa kukohoa kwao, na anajua ni nani atatapika kabla ya mwenyewe kujua. Lakini barabara zake zote hurudi pale zilipoanzia. Amezunguka Kitengela kama mshale wa saa, mwaka nenda mwaka rudi, na mshale wa saa haufiki mahali.

Alipokuwa darasa la tano, huko Ugenya, mwalimu aliwasimulia habari za Gede, mji wa mawe ulio ndani ya msitu wa pwani, ambao watu wake waliondoka na hakuna ajuaye vizuri kwa nini. Wenzake waliuliza kama kuna mizimu. Yeye aliuliza kama watu wale walifunga milango. Darasa zima likamcheka. Alikua na swali hilo, akaolewa nalo, akazaa nalo.

Tatizo lilikuwa Desemba. Mtu wa magharibi ya nchi anayefanya kazi huku hana Desemba yake. Shule zikifungwa, basi likipumzika, Wilkister alishika usukani wa Probox, maana Odero anaogopa barabara kuu, wakapanda Ugenya na sukari, mafuta ya kupikia na magodoro ya wageni. Kila mwaka. Mpaka Machi hii, walipokuwa wakinawa mikono baada ya chakula, Odero aliposema kama mtu anayeomba chumvi:

"Mwaka huu nyumbani watatungoja. Panga safari yako ya Gede."

Basi akapanga. Alipanga kwa mdomo, kwa moyo, kwa kuuliza kila aliyewahi kuonja maji ya chumvi. Aliyemfundisha zaidi alikuwa Naimo, rafiki yake muuza mashuka, ambaye kaka yake hupitisha mbuzi njia za Garsen.

"Ukitoka Malindi unakata kulia karibu na Garsen," Naimo alimweleza, akikunja shuka. "Witu, halafu Mokowe. Hapo gari inalala. Lamu hakuna gari, kuna punda."

"Basi nitapanda punda."

Naimo akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wallahi, huyo punda amekukosea nini?"

Walicheka mpaka wateja wakasogea kuona kinachouzwa.

Nyumbani, Melvin ndiye aliyekuwa mpambe wake. Jioni waliketi pamoja, bega kwa bega, wakiitazama njia kwenye simu. "Mathe, usiku hatuendeshi. Tunalala Voi." Mathe hivi, Mathe vile, ndivyo alivyomwita mama yake. Septemba akaweka nyota ya manjano juu ya Gede, akamwonyesha. "Ona, sasa hata ukitaka kupotea huwezi."

Jumapili moja mwishoni mwa Novemba, Wilkister akiwa amerudi kutoka kanisani, anachambua mboga za managu, simu ililia. Alikuwa Evalyne, mke wa ndugu yake Odero, kutoka Ugenya.

"Nyieka!" Ndivyo wake wa ndugu wanavyoitana. "Huku tumeshafyeka nyasi. Mzee amefunga jogoo, na huyo jogoo hata hali vizuri tena, nadhani anajua. Tunangoja wewe na moto wako!"

"Moto gani?"

"Ai, nyieka, unanificha hata mimi? Odero alituambia alipokuja mazishini mwezi wa Agosti. Ati ni wewe umemsukuma. Ati umechoka kuwa mgeni kwenye boma la baba mkwe, unataka boma lako Desemba hii. Wazee walikusifu mpaka nikaona wivu."

Wilkister hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa Wajaluo, mwanamume akitoka kwa baba yake kwenda kuanzisha boma, yeye hushika jogoo, mwana wa kwanza hubeba shoka, na mke hubeba moto. Mke asipokuja hakuna boma, na usiku wa kwanza ni lazima alale pale. Siku zinazofuata hatoki kwenda popote. Ndiyo sababu wazee huuliza kwanza kama mke amekubali. Na walikuwa wameshajibiwa.

Mwana wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni. Alipoona uso wa mama yake, aliinamisha macho.

"Ulijua?"

"Mathe, Baba alisema atakuambia."

"Tangu lini?"

"Agosti. Lakini baba asipohama, mimi nitajenga wapi?"

Lilikuwa swali la haki, maana kwa mila mwana hajengi kabla baba yake hajahamia boma lake. Wilkister aliwaza tu kwamba Agosti hutangulia Septemba, na kwamba nyota ile ya manjano iliwekwa na mkono uliojua.

Odero aliporudi alikuta managu bado mabichi mezani.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia," alisema, bila kuketi.

"Na keria?"

"Ya kubebea madirisha ya nyumba. Katoo alimaliza kuyachomelea wiki jana."

"Ulinisemea, Baba Melvin."

"Nilijua hutakataa. Wewe huwa hukatai." Alijaribu kucheka. "Gede imekaa pale miaka mia ngapi? Haitatoroka."

Kunyimwa safari, hilo Wilkister alikuwa ameshalizoea, kama mguu unavyozoea kiatu kibovu. Kilichomchoma ni kwamba huko Ugenya kulikuwa na Wilkister mwingine. Huyo alikuwa amesema maneno ambayo yeye hajayasema, akasifiwa na wazee, akaonewa wivu na Evalyne. Yeye mwenyewe, wa damu na nyama, alikuwa akimuuliza Naimo habari za punda.

Hakupiga kelele. Wiki mbili zilizobaki kabla ya safari alipika, alifua, aliosha Probox ndani na nje. Naimo alipomuuliza wanatoka lini, alisema, "Tunaenda nyumbani," na Naimo akarudi kukunja mashuka yake.

Asubuhi ya safari, madirisha ya chuma yalifungwa kwenye keria kwa kamba za mpira. Melvin aliketi nyuma. Wilkister alishika usukani. Walipofika makutano ya Athi River, kulia Mombasa, kushoto Nairobi na magharibi yote, magari yalikuwa yamesimama, na wao wakasimama. Lori la mbuzi likawapita, likapinda kulia. Odero alikuwa ameshika mpini wa mlango kama mtu aliye kwenye maji mengi.

Wilkister akawasha taa ya kushoto.

Odero akashusha pumzi. "Nilijua utaelewa, Mama Melvin," alisema, sauti yake imepata nguvu. "Mwaka ujao nitakupeleka mimi mwenyewe. Nakuapia."

Wilkister alisubiri njia iwe wazi, akaingia kushoto, akabadilisha gia.

"Ungeniuliza," alisema kwa sauti ndogo, macho yake barabarani, "ningekubali."