Machungwa ya Ijumaa

Kwenye meza ya Anti Frema, nje ya lango la Kitivo cha Sanaa, ungepata kila kitu isipokuwa machungwa. Kenkey ya moto, yale madonge ya mahindi yaliyochachushwa, ipo, samaki wa kukaanga wapo, pilipili ya kukutoa machozi ipo, na maneno ya kukuchokoza ungeongezewa bure. "Kula wewe, mifupa haijibu mtihani," angekwambia, na ungekula. Machungwa aliyauza Hajara, jirani yake wa meza, na upepo ukivuma kutoka upande ule Frema alijifunika pua kwa kitambaa.

"Yamekukosea nini, Anti?" wanafunzi walimtania.

"Yaulizeni yenyewe," alijibu, akawageuzia mgongo.

Hakuwa akiringa. Binti yake wa pekee, Boatemaa, alisoma hapo hapo, mtoto mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Siku moja, akiwa mwaka wa mwisho, alirudi nyumbani na sanduku lake, akasema chuo kimemshinda. Zaidi ya hapo hakusema. Akawa mtu wa kukaa uani, hali, hacheki, na mtu akimenya chungwa karibu naye alikimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Asubuhi moja hakuamka. Hospitali walisema ni moyo.

Mazishini alikuja mwalimu wake, Dakta Ntow, kwa nguo nyeusi iliyopigwa pasi vizuri. Rambirambi yake ikatangazwa kwenye kipaza sauti, na Frema akaenda kumshika mkono kumshukuru, kama inavyotakiwa. Mkono ule ulinukia chungwa. Frema alidhani ni sabuni.

Mwaka ulipotimia alivaa nyeupe ya kumaliza msiba, akakunja nguo zake za msiba, nyekundu na nyeusi, akazifungia sandukuni. Nguo hizo hazivaliwi hivi hivi. Ukizivaa pasipo maiti, watu watakuuliza unamwitia nani kifo.

Miaka kadhaa baadaye akatokea Dufie. Huyu alikuwa mlaji hasa, binti wa kurudia sahani bila aibu, kwa hiyo Alhamisi ile alipokaa akimkodolea macho samaki, Frema aliona mara moja kuna jambo.

"Huyo samaki kafa tayari, mwanangu. Mbona unamtazama kama atakuuma?"

"Anti, kesho saa tisa naitwa na Dakta Ntow. Tasnifu yangu kaikalia tangu Krismasi. Anasema niende peke yangu ndiyo asaini. Nisipoenda, sihitimu."

"Si kuna kamati ya mambo hayo? Bango lao limejaa ukuta mzima."

"Nimeenda. Wakaniuliza nani aliona. Nikawaambia mlango ulikuwa umefungwa, mtu ataonaje? Wakasema watamwita baada ya likizo."

Kamati ile, nikwambieni, ilikuwa na kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Haraka ndiyo haikuwa nayo.

"Alikufanya nini?" Frema aliuliza.

Dufie alishusha sauti. "Kwanza anamtoa karani wake. Anafunga kwa ufunguo. Halafu anakupa kisu na chungwa, anasema limenye taratibu, ganda lisikatike. Unamenya, na yeye anakusogelea kwa nyuma. Likikatika, anasema una adhabu. Langu lilikatika, Anti. Akanishika. Mara mtu akabisha hodi. Alipofungua, hapakuwa na mtu. Nikapenya nikakimbia."

Kijiko kilimtoka Frema mkononi. Harufu ya mkono ule wa mazishini ilimrudia puani, mbichi kabisa. Alikaa juu ya ndoo. Miaka yote hiyo, na yeye ndiye aliyemshukuru!

"Kesho nenda," alisema hatimaye. "Utanikuta."

Ijumaa alifungua sanduku. Nguo zilikuwa zimekunjwa vile vile alivyoziacha, na zilinukia chungwa. Nyumba nzima haikuwa na hata kokwa. Frema akazivaa hivyo hivyo, akajifunga kichwani kitambaa chekundu, akaenda chuoni.

"Subhanallah!" Hajara alishtuka. "Frema, kafa nani?"

"Nipe chungwa moja na kisu."

Hajara alimtazama kama mtu aliyeona mbuzi akiongea. Frema akamweleza kwa maneno machache, na Hajara akaziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu. Yule karani hununua kwangu kila Ijumaa. Nami namchagulia mazuri!" Akafunika meza yake, akajitanda mtandio mweusi, akamfuata.

Benchi lilikuwa kwenye ujia, chini ya lile bango la kamati, likitazamana na mlango wa Ntow. Wakakaa. Habari zikawafikia wauzaji wengine, na mmoja mmoja wakaja, kila mtu na nguo ya msiba wake mwenyewe, kwa maana nani hana. Hawakupangana, lakini wote waliacha nafasi upande wa kulia wa Frema. Mara kwa mara benchi lililia pale, kama linavyolia mtu mwembamba akijiweka sawa. Walimu walitoka vyumbani wakicheka, wakawaona, wakarudi ndani na kufunga milango polepole. Frema alikuwa akimenya chungwa lake. Harufu ikaujaza ujia mzima.

Saa tisa Dufie alipanda ngazi, akaenda kusimama kando ya benchi. Ntow akaja nyuma yake na funguo mkononi.

"Poleni, kina mama," alisema. "Mnatoka kwema?"

"Huko tulikotoka ni kwema," alijibu Frema bila kuinua macho. "Msiba uko hapa."

"Hapa wapi?"

"Mlangoni pako. Tunamsubiri atoke."

"Atoke nani? Ofisi nimeifunga mwenyewe tangu asubuhi." Alijichekesha, akaingiza ufunguo.

Ndipo hodi ikabishwa, kutoka ndani.

Wote waliisikia. Wapo waliosema baadaye kwamba ni mabomba ya maji. Labda, ila chuo kizima kilikuwa hakina maji tangu Jumatano.

Ufunguo ulianguka. Frema akanyoosha mkono na kumpa lile chungwa, ganda lake likining'inia refu, zima.

"Halikukatika, Dakta," alisema. "Nani ana adhabu?"

Ntow aliutazama mkono ule, akautazama mlango, kisha akashuka ngazi mbio. Mkoba aliuacha.

Alipishana na karani wake, Bi Asabea, aliyekuwa akipanda na mfuko wa machungwa. Mama huyu aliona zile nguo nyekundu na mfuko ukamponyoka. Machungwa yakabingirika ujia mzima hadi miguuni mwa Dufie. Hakuna aliyeyaokota.

"Kamati wanamtaka mtu aliyeona, mama," Dufie alimwambia.

Asabea alitikisa kichwa. "Sikuona. Nilisikia." Akataka kukaa kwenye ile nafasi tupu.

"Hapo pana mtu," Frema alimzuia. "Kaa huku."

Asabea hakuuliza ni nani. Alianza kulia. "Twendeni," alisema. "Leo, kabla sijaogopa tena."

Kamati iliyongoja likizo ilikaa alasiri hiyo hiyo, maana nani angefanya kazi na wanawake wa msibani mlangoni pake? Mhudumu alileta viti, akaona kimoja kimebaki, akataka kukirudisha.

"Kiache," alisema Frema, na kuweka lile chungwa juu yake.

Kabla jua halijatua Ntow alikuwa amesimamishwa kazi, na tasnifu ya Dufie iko kwa mwalimu mwingine. Lakini ukimuuliza Frema leo, atakwambia jinsi mwenyekiti alivyomwambia Asabea aielezee kamati, na jinsi Asabea alivyoipa kamati mgongo, akakigeukia kile kiti.

"Boatemaa, mwanangu," alisema. "Siku ile uliponiita kwa jina, nilikuwa nje ya mlango."