Bulwe wa Mafunjoni

Vita vilipokwisha Jinja, kila mtu alijifanya anajua kwa nini ziwa halitoi samaki. Mimi nilikuwa nikiuza samaki wa kubanika, na sababu nilikuwa naiona kwa macho. Wanajeshi waliokimbia walibeba nyavu nzuri zote. Zilizobaki zilishonwa kwa nyuzi za magunia. Lakini wavuvi wetu walisema ni bulwe.

Bulwe ni ndege mkubwa wa kijivu, anamfikia mtu kifuani, na mdomo wake ni mnene kama buti la askari. Kwenye ufuko wetu haonekani ovyo. Mtu anaweza kuzeeka ziwani asimwone. Mvuvi akikutana naye asubuhi hugeuza mtumbwi akarudi kulala, maana siku hiyo hapati kitu. Na anayemfuatafuata, wanasema, hubeba mkosi wake mpaka nyumbani.

Aliyekuwa akimfuatafuata ni mdogo wangu wa kike.

Baba alitoka kutafuta chumvi wakati wa mapigano, hakurudi. Mama akafuata kwa maradhi. Nikaacha shule, nikabaki na wadogo zangu katika chumba kimoja Mafubira, tukila kile ambacho samaki walileta. Huyu anayenifuata kwa kuzaliwa nilimpa kazi moja tu: kuokota kuni za kubanikia. Alikwenda ufukweni alfajiri na kurudi jua la utosi na vijiti ambavyo havikutosha kuchemsha yai.

"Kuni ziko wapi?"

"Dada, leo amegeuza kichwa."

"Nani?"

"Bulwe. Jana hakugeuza."

Nilimwuliza kama kichwa cha ndege kinabanika samaki. Alisema hapana, kwa adabu kabisa, na kesho yake akarudia yaleyale. Ningemvumilia, lakini aliwasimulia pia wanawake kisimani. Asubuhi iliyofuata nilifika ufukweni na karai langu, na mzee mwenye mitumbwi akalifunika kwa mkono.

"Kwako hakuna samaki, binti."

"Mzee, hao nawaona pale."

"Hao si wako. Mdogo wako anachunga bulwe kama mbuzi. Atuonyeshe anapolala, tumwondoe, kisha njoo ununue."

Mwingine akadakia, "Au muuze huyo bulwe. Ana nyama!" Wakacheka wote.

Askari mmoja wa kizuizi cha barabarani alikuwa amekaa karibu, anatafuna muwa. Mzee akamgeukia: "Afande, wewe una bunduki. Tusaidie."

"Risasi ya serikali kwa ndege?" Akatema makapi. "Nikiulizwa niliua adui gani, nitasema nini?"

Nilirudi nyumbani na karai tupu. Nikamwambia mdogo wangu anipeleke alipo bulwe. Nilitaka nipajue, niwaonyeshe watu wale, jioni tule. Yeye alidhani nimependa. Alinishika mkono njia nzima, akinikanya nisikanyage kwa nguvu, mimi niliyekuwa na njaa na matope mpaka magotini.

Ndege alikuwepo, amesimama kati ya mafunjo. Tukangoja. Akaendelea kusimama, kama mtu aliyetumwa akasahau ametumwa nini. Mbu wakatula.

"Anafanya nini?" niliuliza.

"Anangoja."

"Hata mimi nyumbani najua kungoja."

Ghafla akaanguka kifudifudi majini, mabawa wazi, nikadhani amekufa. Akainuka na kambare mdomoni, akamkata kichwa, akammeza. Samaki mmoja, asubuhi nzima. Na huyu ndiye wanayesema amemaliza ziwa!

Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee. Wavuvi walikuwa wamekwisha kushika mapanga na mikuki.

"Haya, mlete mtoto atutangulie."

"Mdogo wangu haingii mafunjoni na kundi la wanaume. Miaka hii? Hata kama mngekuwa malaika."

"Basi tuonyeshe wewe. Matope yako yanasema umefika."

Ni kweli, nilikuwa nimefika. Ningeweza kunyoosha kidole tu. Lakini nilikuwa nimechoshwa na watu wazima wanaotafuta mchawi huku wamekalia nyavu mbovu, na maneno yakanitoka mbele ya wote: "Mzee, mbuzi mwenye mimba anapita kwenye wavu wako. Shona huo kwanza. Pa ndege sikuonyeshi."

Hakuna aliyecheka. Kijana hawezi kumwambia mwenye mitumbwi maneno hayo kisha akanunua samaki kwake. Nilijua hivyo hata kabla sijafunga mdomo.

Nilijaribu kwingine ufukweni. Habari ilikuwa imenitangulia. Nikajaribu kuuza mihogo soko la Buwenge, mtaji ukaisha. Ikabaki kwenda Mbale, kwa shangazi yetu anayelima chini ya mlima Wanale.

Tukiwa tunafunga vyombo, mdogo wangu akasimama mlangoni.

"Dada, nikiwaonyesha, watakuuzia tena?"

"Watauza."

"Basi niende." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa amekwisha kuvaa kandambili.

Nilimpigia kelele ambayo sijawahi kumpigia mtu. Nilimwuliza kama anadhani nimepoteza biashara yangu kwa mchezo. Nikamwambia avue kandambili, ashike upande wa pili wa godoro, na asinitajie tena samaki.

Akashika. Shangazi alitupa kona ya shamba tukapanda kabichi, na kabichi ndiyo ninauza mpaka leo, ingawa sijawahi kuipenda.