Barua Niliyoificha Kitabuni

Juzi maktabani nilikiona tena kile kitabu cha utotoni mwangu, cha mtoto jambazi anayewazidi akili majini, nikasikia harufu ya vitunguu vya mama. Katika ghorofa letu ughaibuni, pale mtaa wa Jane na Finch, mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wazazi barua za Kiingereza. Mchana mmoja ilikuja barua iliyomtaka baba afike ofisi ya uhamiaji. Asipofika, angerudishwa Tanzania. Kitabuni, amri ya majini haikuwa na nguvu mpaka isomwe kwa sauti.

"Wanasemaje, mwanangu?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Tangazo la piza tu, mama."

Nikaificha kitabuni, nikijiona jambazi hodari. Baba alipochukuliwa, nilikipekua kitabu chote nikitafuta mbinu ya kumrudisha. Mpaka leo mama anawalaani watu wa posta kwa kutoileta barua ya uhamiaji.