Springi Ndefu za Safari ya Nyakakika

Mimi sikuwahi kujua kukaa. Hata leo nikipewa kiti, baada ya dakika tano natafuta kisingizio cha kwenda kuangalia kitu nje. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na mguu mmoja uko barabarani tayari, na hakuwa akinisifu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na pikapu ya zamani, gari la shida la kupandia milima, ambalo nilibebea ndizi kutoka kwetu Kamuli kwenda gulioni Nkwenda. Springi zake za nyuma zilikuwa zimechoka. Nikijaza mikungu, gari linakalia matako kama mbwa. Nilikuwa nimeishi nalo hivyo miaka miwili na hakuna aliyekufa. Lakini wiki ambayo nilitakiwa kupeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, kijijini Nyakakika, kwa wazazi wa binti niliyetaka kumuoa, siku ya Jumamosi, mimi Alhamisi asubuhi nikaamua kwamba springi lazima zibadilishwe.

Baba wa yule binti alishanikataa mara moja. Hakuwa na neno na kanisa langu, wala na shamba langu. Alichomwambia mshenga wangu kilikuwa kimoja: wazazi wa huyu kijana walivuka mto kutoka Rwanda na mikeka kichwani, na waliokuja na mikeka huondoka na mikeka. Hakutaka binti yake aamke siku moja ugenini, asijulikane na mtu. Safari hii alikuwa amekubali kupokea pombe, maana yake alikuwa tayari kunisikiliza, basi.

Fundi alikuja kutoka Nkwenda na springi alizozing'oa kwenye lori bovu. Zilikuwa ndefu kuliko zangu kwa shibiri nzima, na zimepinda hasa. Baba yangu alikuwa barazani na redio yake, ambayo siku hizo haikuzungumza kingine ila vita vya kwao. Akazitazama zile springi kwa muda.

"Hizo zitabeba magodoro mangapi?" akauliza.

Nikajifanya sijasikia. Nikaenda kumtafutia fundi jeki ambayo alikuwa nayo miguuni.

"Kijana, zimebaki siku mbili," fundi akaniambia. "Nenda na hizi za zamani. Wiki ijayo tunafanya kazi kwa nafasi."

"Fungua, fundi."

"Haya. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Tulizimwagia mafuta ya taa, tukazigonga, tukazitukana. Kufika saa sita gari lilikuwa juu ya magogo, springi za zamani chini, nami nazunguka zunguka mpaka fundi akaniomba nikachote maji ambayo hakuyahitaji. Akahamisha kishikio cha nyuma, akatoboa chasisi upya kwa keekee ya mkono. Ncha za mbele za springi mpya zikakaa vizuri. Za nyuma zikagoma. Kwa vile zilikuwa zimepinda mno, matundu ya ncha zake hayakukifikia kishikio, yalibakisha vidole vinne.

"Inataka uzito," fundi akasema. "Bodi ikishuka, springi itanyooka, bolti itaingia."

Uzito ulikuwepo, nyuma ya nyumba. Wanaume sita wa jirani walikuwa ndani ya mtumbwi wa pombe, gogo lililochongwa, wanakanyaga ndizi mbivu na majani. Nikawakimbilia. Wakanitazama kama nimerukwa na akili. Kwetu aliyeingia kwenye mtumbwi hatoki mpaka ndizi zitoe maji yake. Ukiziacha katikati, zinageuka uji, na pombe yake ni aibu. Nikasimama pale nikihesabu nyayo zao. Nilitamani kuingia nikanyage mwenyewe, wakanifukuza kwa sababu nilikuwa na grisi mpaka magotini.

Alasiri wakaja, miguu inanata, wakapanda wote sita kwenye bodi. Haikutosha. Tukawaongezea mawe, na mikungu, na shangazi yangu mmoja mnene aliyecheka mpaka gari likatikisika. Kwa kule kutikisika bolti ikaingia. Tukapiga vigelegele kama tumepata mtoto.

Fundi hakushangilia. Alikuwa chini ya gari, ameshika mpira wa breki ya nyuma.

"Huu umekuwa mfupi. Sasa hivi kuna uzito, ndiyo maana hujaona ufupi wake. Gari likiwa tupu, bodi itapanda, mpira utavutika. Nisubiri, niende Nkwenda nikautafute mrefu."

"Mpaka lini?"

"Jumatatu."

"Jumamosi sitakuwa mtupu, fundi. Nitakuwa na pombe."

Ni kweli kwamba nilisema hivyo. Nilifikiria kwenda tu. Kurudi hakukunijia kichwani hata kidogo.

Jumamosi tuliondoka asubuhi, mshenga wangu kando yangu, madumu ya rubisi nyuma. Sijawahi kuendesha gari tamu kama siku ile. Makorongo niliyoyaogopa niliyapita nikiimba. Tukaingia Nyakakika, uani kwa wakwe, nyasi mbichi zimetandazwa mpaka mlangoni. Nikashuka na suti yangu ya kuazima. "Shikamoo baba." "Marahaba." Vijana wakaanza kushusha madumu, nami nikaona bodi inapanda. Dumu moja, inapanda. Dumu jingine, inapanda. La mwisho liliposhuka, gari likawa limeinua makalio juu na pua limeinamisha, kisha pakasikika mlio mdogo. Mafuta ya breki yakaanza kudondokea kwenye nyasi zao.

Nikaingia chini ya gari na suti vile vile. Nikauziba mpira kwa kidole, kana kwamba kidole kingesaidia. Nikasikia hatua za baba mkwe zinazunguka gari polepole. Zikasimama nyuma.

"Hizi springi ni mpya."

"Ndiyo, mzee."

"Ndefu. Ni za kubebea nini?"

"Ndizi, mzee."

"Ndizi ulikuwa unazibeba na zile za zamani. Mimi nimeona magari ya watu wanaohama. Nakuuliza tena, ni za kubebea nini?"

Mshenga wangu, mtu wa maneno mengi, alikohoa tu. Nilikuwa nimejidanganya mwenyewe tangu Alhamisi kwamba ni za ndizi na rubisi. Pale chini, na mafuta yakinitiririkia mkononi, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini uongo ukakataa kutoka.

"Ni za baba yangu," nikasema. "Anataka kurudi kwao. Vita vikiisha atataka kupelekwa na vitu vyake, na hana mwingine wa kumpeleka."

"Na wewe?"

"Nitamfikisha, nitageuza gari. Kwangu ni Kamuli."

Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua amerudi kwenye maneno yake ya mikeka. Ndipo nikaona upande wa mlango ncha ya kanga na miguu miwili isiyo na viatu. Mama mkwe. Kwa mila yetu mimi na yeye hatukutakiwa kutazamana usoni, na siku ile gari ndilo lililotukinga. Alisimama mbali kidogo na miguu yangu iliyochomoza, akasema na mumewe, si na mimi.

"Ulitaka ajibu nini, baba wa watoto? Angesema atamwacha babake barabarani na magodoro yake, ningeimwaga pombe yote hii kwa mkono wangu. Sisi tunazeeka. Mimi nataka mkwe mwenye gari la kumbeba mzee."

Kisha nikamsikia baba mkwe akiagiza vijana walete kata, rubisi ionjwe.

Mshenga aliniita nitoke. Nikamjibu kwamba bado nafunga mpira. Mpira ulikuwa umeshakatika na hakukuwa na cha kufunga, ila sikutaka wakwe zangu wanione ninalia.