Ukimya wa Mteremkoni

Tukishuka kutoka Sumbawanga kwenda Mtowisa, tulikuta lori la saruji limepinduka konani. Dereva wake alikuwa ameshapelekwa hospitali. Trafiki alikuwa anapima barabara, akamwomba dereva wa basi letu amshikie tepu.

"Alama za breki zinaanzia wapi, afande?" dereva wetu akauliza.

"Hakuna." Trafiki akachungulia ndani ya lori. "Gia huru, injini haizuii gari. Alikuwa anabana mafuta, akaegemea breki mpaka zikaungua."

Dereva wetu alirudi akijifuta mikono kwenye suruali. Mama aliyekaa nyuma yake akamuuliza, "Na wewe, baba, huwa unashukaje hapa?"

"Kama wote, mama."

Tulikodolea macho mkono wake wa kushoto. Aliweka gia namba mbili, injini ikanguruma hadi bondeni. Miaka yote nimesinzia kwenye mteremko ule kwa sababu injini hunyamaza. Nilidhani ndiyo ustadi.

Wiki hii nimepanda tena basi lilelile. Tulipofika kona ile, injini ikanyamaza. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Nilitaka kusema neno, nikaishia kukohoa.