Askari wa Sahani ya Anjeline

Wiki hiyo Ignatius Emong alisifiwa kuliko marehemu, na kila sifa ilimwasha kama upupu. Mama wa kibanda cha jirani alimwambia, "Baba Alinga, wanaume kama wewe wameisha." Katekista alimtaja kanisani, baada ya matangazo na kabla ya sadaka, pale ambapo watu husikiliza kweli. Hata dereva mmoja wa lori, mtu wa Kampala asiyemjua mke wa Emong kwa sura, alimpigia saluti: "Ssebo, bwana mkubwa, nasikia umeponya bibi!"

Sukari ya Anjeline ilikuwa imeshuka. Malaba nzima ilijua kwamba aliyeishusha ni Emong, kwa ukali wake. Emong peke yake alijua ni nani aliyeipandisha.

Kazi yake ilikuwa kuuza vinywaji baridi kando ya foleni ya malori. Foleni ile, siku ikiamua, dereva anaweza kuota ndevu, azinyoe, aote nyingine kabla hajaliona lango la forodha. Mtu aliyekaa juani namna hiyo hatafuti soda, anatafuta kuadhibiwa kwa baridi. Kwa hiyo friji ya Emong ilikazwa hadi mwisho, na chupa zilitoka na unga wa barafu shingoni. Hiyo friji aliipenda. Aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyofuta picha ya harusi.

Anjeline, binti wa Butula, alikuwa akichoma insulini tangu mtoto wao Alinga aende bweni. Chupa za dawa alizihifadhi nyuma ya duka, ndani ya chungu kilichokaa kwenye mchanga wenye maji, kama alivyofundishwa kliniki. Sukari yake ilitulia. Ila Emong aliona haya. Mwanamume mwenye friji, tena friji ya vioo, mke wake anaweka dawa ya hospitali chunguni kama mganga! Wageni wakiona watasemaje?

Siku moja akazihamisha. Na kwa kuwa hakutaka dawa ya mkewe ikae chini pamoja na soda za madereva, alizipa chupa kiti cha mbele: kule juu kabisa, kwenye kisanduku cha barafu. Aliwaza hivi, na ole wake siku anayowaza: kama baridi ni nzuri, baridi kali ni nzuri zaidi. Mambo mengine yaliyosemwa kliniki hakuyasikia, kwa sababu alikuwa nje akipokea simu.

Kila asubuhi alitoa chupa ikiwa ngumu kama kokoto, akaibana kwapani huku akipanga kreti, ikayeyuka. Kisha akaingia nyuma, akamchoma Anjeline taratibu, akampuliza pale palipochomwa kama anayepoza uji. Anjeline hakuwahi kuiona ikiwa jiwe.

Sukari ikapanda. Kliniki wakaongeza kipimo cha dawa. Ikapanda tena. Anjeline akawa anakunywa maji kama ngamia na kulala mchana kama paka. Emong, mtu anayeishi umbali wa hatua chache kutoka forodha, akafikia uamuzi wa kiforodha: kuna mzigo unapita kwa siri.

Ndipo akawa askari wa sahani. Alipekua mkoba wa mkewe. Alimnusa mdomo akitoka chama cha akina mama. Alizunguka vibanda vyote akiwaonya wauzaji, "Huyu mama akija kununua mandazi, mniite." Kuna siku aliacha mandazi mezani makusudi, akayahesabu, akaenda kujificha nyuma ya kreti. Anjeline alipoinua kawa kufukuza inzi, Emong alichomoka. "Nimekupata!"

"Umepata nini, Baba Alinga? Inzi?"

Hata inzi alionekana ushahidi. Mwishowe Emong alimchukua mkewe mpaka Butula, akaomba kikao kwa baba mkwe wake, Mzee Oduori. Wajomba walikuja, shangazi walikuja, na majirani wasiohusika walikuja na viti vyao.

"Anjeline," Mzee Oduori alianza, "unakula au hukuli?"

"Sikuli, baba."

"Sasa hiyo sukari inatoka wapi? Inadondoka kwa mabati?"

Watu wakacheka. Shangazi mmoja akaapa kwamba tangu utotoni Anjeline alikuwa na mkono mwepesi kwenye sufuria. Walimkamua hivyo mpaka akalia, akakiri: matangani kwa jirani alikula kipande cha chapati. Nusu. Kikao kizima kikashusha pumzi, kama mahakama iliyopata mhalifu kabla ya chakula cha mchana. Anjeline alipiga magoti mbele ya mumewe. "Nisamehe, Baba Alinga. Ni tumbo langu hili."

Na Emong alimsamehe. Hilo ndilo lililokuwa likimla sasa. Alimsamehe kwa sauti, watu wakasikia, akapigiwa makofi.

Muda si mrefu baadaye alikwenda kliniki peke yake kuchukua dawa, Anjeline akiwa hana nguvu ya kutembea. Muuguzi, Sista Vivianne, aliangalia kadi akakunja uso.

"Mzee, hii dawa mnaweka wapi?"

"Kwa friji, sista," Emong alisema, kifua mbele. "Tena juu kabisa, kwa barafu."

"Inaganda?"

"Jiwe kabisa! Nayeyusha na kwapa."

Sista Vivianne aliweka kalamu chini. Alimtazama vile watu wanavyomtazama mtu aliyefua simu pamoja na nguo. "Mzee, insulini ikiganda imekufa. Hata ukiiyeyusha haifufuki. Umekuwa ukimchoma mama maji." Akampa chupa mpya, akamwambia aiweke rafu ya chini mbali na barafu, na arudi kwenye kipimo cha zamani. "Na umwambie mama ale vizuri. Dawa ikianza kufanya kazi na tumbo ni tupu, sukari itaanguka. Ukiona anatetemeka, anatoka jasho, maneno yanapotea, mpe soda haraka. Usingoje."

Emong aliyafuata yote, na sukari ikashuka. Lile la kumwambia mama ndilo lililomshinda, maana angelazimika kueleza sababu.

Si kwamba hakujaribu. Alijaribu wakati wa kumchoma, Anjeline akasema, "Asante, Baba Alinga," na neno likarudi tumboni. Alijaribu wakati wa sala, lakini Anjeline alikuwa akimwomba Mungu amwondolee ulafi, na mtu huwezi kukatiza sala. Aliahirisha mpaka Jumapili, na Jumapili ndiyo siku katekista alipomsifu. Kila sifa ilikuwa tofali, na ukuta ulipanda. Mtu akishasifiwa hadharani kwa kumponya mke, atashukia wapi?

Na Anjeline alikuwa bado anatubu. Emong aliona, hawezi kusema hakuona. Ugali wake ulikuwa saizi ya kiberiti. Alikuwa akiusogeza pembeni, akila mboga ule ulaji wa kuku aliyefungwa mguu.

"Ongeza kidogo, mama," Emong alimbembeleza.

"Ili unipeleke tena Butula?"

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

Siku Mzee Oduori alipofika Malaba, alikuja na jogoo chini ya kwapa. "Huyu ni wa mkwe wangu," alisema. "Umenirudishia mtoto. Mimi na uzee wangu sikuweza kumfunza, wewe umeweza." Akakaa nje kwenye benchi na jogoo wake, akaanza kuwahutubia madereva kuhusu wakwe wa siku hizi na jinsi huyu alivyo tofauti nao.

Emong alimkimbia, akaingia dukani. Huko alimkuta Anjeline ameshika kaunta kwa mikono miwili. Glasi aliyotaka kumpelekea baba yake maji ilikuwa vipande sakafuni. Paji la uso lilitiririka jasho, midomo ikitetemeka.

"Mama Alinga?"

"Niko... niko tu," alisema, ulimi mzito. "Nimefanya... hiyo... kitu ya maji."

Emong alifungua friji, akang'oa kifuniko cha soda kwa meno, akampelekea mdomoni. Anjeline akafunga mdomo.

"Kunywa!"

Akatikisa kichwa. Soda ilimwagika kidevuni, ikaingia shingoni, lakini meno yalibaki yamebanwa. Alimtazama mumewe kwa yale macho ya siku ya inzi.

"Unanijaribu," alisema kupitia meno. "Najua. Unanijaribu."

"Sikujaribu! Sukari imeanguka, sista alisema!"

"Baba yuko nje. Umemwita aone."

Mikono yake iliachia kaunta. Emong alimdaka, wakashuka pamoja mpaka sakafuni, karibu na vile vipande vya glasi, mgongo wa Anjeline kifuani kwake. Chupa ilikuwa mkononi, dawa yote iliyohitajika ilikuwa ndani ya chupa, na kilichouziba mdomo ule hakikuwa ugonjwa. Ni yeye.

"Sikia," alisema. "Hukuiba chakula. Si wewe."

Anjeline aliigeuzia chupa shavu.

"Ni mimi. Niliweka dawa kwa barafu ikaganda ikakufa. Nimekuwa nakuchoma maji. Ile chapati haikufanya kitu. Sista aliniambia, nikanyamaza. Nilinyamaza, Anjeline. Sasa kunywa, tafadhali, nakuomba."

"Boss!" dereva mmoja alichungulia dirishani. "Lete mbili, zile za barafu!"

"Ngoja huko!"

Meno yalifunguka. Alikunywa kidogo, akakohoa, akakunywa tena. Emong alimshikilia kidevu. Chupa iliisha. Polepole macho yalirudi, yakapata pa kutua, nayo yalitua kwa Emong, akatamani yangepotea kidogo zaidi. Alimletea chapati kutoka kibanda cha jirani, na Anjeline aliila yote, bila kumpa mgongo wala kuficha mdomo, akimtazama.

"Umejua tangu lini?" aliuliza alipomaliza.

"Tangu nilipoenda kliniki peke yangu."

"Na nilipokuwa nikiomba Mungu, ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Nje, Mzee Oduori alikuwa amefika mahali pa kuwaambia madereva kwamba binti zao wote wangeolewa na Wateso kama mkwe wake, wangepona. Anjeline alijipangusa kidevu kwa pindo la leso.

"Mwite baba. Mambo yale ulisema ukiwa chini hapa, useme ukiwa umesimama."

Emong alimwita. Alisema yote: chungu, barafu, kwapa, sista, kunyamaza. Alisema madereva wakiwa wamejaa dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu foleni ile iwepo, hakuna aliyekuwa na haraka. Mzee Oduori alisikiliza huku jogoo akimparua koti.

"Basi kikao kitarudiwa," alisema mwishowe. "Kwangu, na watu wale wale. Wale waliokupigia makofi nitawaita mmoja mmoja. Na utakuja na mbuzi."

"Nitakuja naye, baba," Emong alisema haraka, na akashangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi. Mbuzi! Mbuzi ni kitu unachoweza kukifunga kamba ukakipeleka. Alikuwa tayari anawaza wa rangi gani.

Anjeline aliuona ule wepesi ukipita usoni mwake.

"Mbuzi ni wa wazee, Baba Alinga," alisema, akiinuka kwa kushika kaunta, akiukataa mkono aliomnyooshea. "Yangu bado hujalipa."